Meno Sitini na Rangi ya Kucha

Nilipaka meno sitini rangi ya kucha, na Profesa Behruzi alinitazama nikipaka. Hilo ndilo sitamsamehe.

Yalikuwa meno ya vijana, yaliyong'olewa ili yaliyobaki yanyooshwe. Nilikuwa nasomea udaktari wa meno ya watoto hapa Tabriz, Iran, na swali la utafiti wangu lilikuwa moja tu: ile dawa tunayozibia mifereji iliyo juu ya magego ili yasioze, je, inashika vizuri zaidi ikitanguliwa na tabaka la gundi? Thelathini nikayatia gundi, thelathini sikuyatia. Yote niliyagusisha mate kwanza, maana mtoto wa shule hakai na kinywa kikavu hata umwahidi peremende. Baada ya kuyaziba nikayapaka rangi ya kucha kila upande, nikaacha pale penye dawa tu, nikayatumbukiza kwenye wino wa bluu. Wino ukipenya chini ya dawa, na vijidudu vitapenya.

Mwongozo wa kuziba meno mashuleni aliuandika Profesa mwenyewe: bila gundi, eti inapoteza muda. Mwaka jana nilifungua gego la Aylin, mtoto wa miaka minane, lililozibwa kwa mwongozo huo. Juu lilimetameta, chini limeoza hadi karibu na kiini. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Na sasa zilibaki wiki tatu tu waanze kuziba meno ya watoto wengine elfu nne. Utafiti wangu ukikubaliwa, mwongozo ungebadilishwa.

Siku ya kuutetea, mama alileta sinia mbili za biskuti za lozi, kama ilivyo desturi, na ukumbi ukajaa. Nikaonyesha matokeo. Pasipo na gundi, wino ulifika chini kabisa. Penye gundi, mara nyingi uliishia juu. Profesa akapangusa makombo ndevuni.

"Bi Daktari, yenye gundi uliyapaka rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na yasiyo na gundi?"

"Nyeupe."

"Nani alipima wino?"

"Mimi."

"Kumbe! Jamani, huyu mchezaji yeye, refa yeye!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kosa lilikuwa langu, sikatai. Rangi ilikuwa inaniambia kila jino ni la kundi gani kabla sijalipima. Lakini mtu huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wangu! Mwaka mzima alipita maabara kila asubuhi, akaniambia, "Rangi nzuri hiyo, binti yangu," akaenda zake. Aliliona shimo, akaniacha nitembee mpaka nitumbukie mbele za watu.

Ndipo akasimama Bwana Heydar, fundi wa maabara aliyenikatia yale meno ili wino uonekane ndani.

"Samahani, Profesa. Kila jino nililipiga picha kwa hadubini. Karibu kabisa, mfereji na dawa tu. Rangi ya kucha haionekani. Namba za picha nimezichanganya mwenyewe, Bi Daktari hazijui."

"Bwana Heydar, kaa chini."

"Miaka ishirini na sita nimesimama kwenye ile mashine, hujawahi kuniambia nikae. Leo ndo umenionea huruma?"

Walicheka tena, safari hii hawakunicheka mimi.

"Basi pima wewe, Profesa," nikasema. "Hapa hapa. Wewe huna rangi ya kukuambia kitu."

Watahini wengine wawili wakaafiki. Angekataaje? Picha zikawekwa ukutani, naye akaanza kusoma kwa haraka, kama mtu anayetaka kwenda zake. La kwanza, wino juu tu. La pili, juu tu. La tatu, nusu. Heydar alikuwa akiandika. Ilipofika picha ya tisa, wino ulikuwa umeshuka mpaka chini ya mfereji na kutanda. Profesa akafyonya, akatikisa kichwa.

"Aa, hili nalo la kuuliza? Hili halikutiwa gundi."

Alisikia alichokisema wakati sote tulikuwa tumeshakisikia. Hakuna aliyecheka. Mama yangu, mfuma mazulia asiyejua lolote kuhusu meno, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kama anajua, mbona watoto wa shule anawanyima hiyo gundi?"