Taa ya Vifaranga na Goti la Bibi

Mzee Koleo hakuwa na subira na kitu kilichoharibika. Redio ikikwama, anaifungua. Mlango ukilia, anautia grisi kabla hata ya chai. Ndiyo maana mtaa mzima ulimpa jina hilo, na ndiyo maana goti la mkewe lilimkosesha raha: lilikuwa limepasuliwa na kushonwa hospitali, na bisibisi yake haikuwa na la kufanya hapo.

Mkewe, mfugaji wa kuku, alikuwa ameapa. Binti yao anakuja Jumapili na kichanga, mjukuu wa kwanza, na bibi atampokea amesimama mlangoni, si amelala kama gunia. Mzee alimwona akiuma meno kila alipokanyaga, akaumia kuliko yeye.

Basi aliposikia kwa kinyozi kwamba mwanga mwekundu husaidia mishono kupona, alirudi nyumbani mbio. Taa nyekundu si ipo bandani, inawapa vifaranga joto! Akaing'oa, akaifunga kwa waya juu ya kitanda, karibu kabisa na goti. Mkewe aliuliza kama daktari anajua. Mzee akajibu kwamba daktari ana wagonjwa wengi, hawezi kukumbuka kila kitu. Mkewe akachoka kubishana, akasinzia.

Huko bandani vifaranga wakaanza kulia kwa baridi. Mzee hakukosa jibu. Akalileta boksi lao na kuliweka kitandani kando ya goti, taa moja ihudumie pande zote. Akajipongeza kimoyomoyo, akaenda kuchemsha chai.

Aliporudi na vikombe, alimkuta mkewe ameinua kichwa, analitazama boksi. Vifaranga walikuwa wamejibana kwenye kona ya mbali kabisa na taa, midomo wazi, wanahema.

"Hawa wanakimbia joto," alisema mkewe. "Zima hiyo taa."

"Mbona wewe huungui?"

"Baba, tangu nipasuliwe, hapo kuna ganzi. Sisikii kitu. Vifaranga wana pa kukimbilia, goti langu litakimbilia wapi?"

Mzee alichomoa waya, akasogeza kiganja. Ngozi ilikuwa ya moto, na pembeni mwa mshono palikuwa pekundu. Alikwenda kutafuta gari.

Mtaalamu wa viungo kliniki alicheka aliposikia habari za boksi, kisha akaliangalia goti na kicheko kikaisha. Mshono ulikuwa salama, ngozi ya pembeni ndiyo iliyobabuka. Aliwaeleza kwamba taa ya vifaranga ni ya kupasha joto, na ile ya tiba ni kifaa kingine kabisa, nacho hakifanyi miujiza. Hata hicho hakiwashwi bila ruhusa ya daktari aliyepasua, wala kabla kidonda hakijafunga. Siku ikifika, huwashwa kwa muda mfupi, kwa umbali ulioelekezwa, macho yamekingwa, na daktari aambiwe dawa zote anazomeza mgonjwa, maana zipo zinazofanya ngozi isivumilie mwanga. Mzee Koleo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyechelewa.

Njiani kurudi, mkewe alimgusa bega. "Ulitaka nisimame."

"Nilitaka sana," alisema Mzee.

Jumapili, gari liliposimama nje, bibi alikuwa mlangoni, wima juu ya magongo mawili, kama alivyoapa. Binti akaja mbio, analia na kucheka, akamnyooshea kichanga. Ndipo bibi akagundua kwamba mikono yake yote miwili imeshika magongo. Akamtazama mtoto, kisha magongo, kisha mtoto tena.

Mzee Koleo hakutafuta waya. Alivuta kiti kutoka ndani, akakiweka nyuma ya mkewe, akakishikilia kisiteleze.

Bibi alikitazama kile kiti, akacheka. Akakaa, magongo yakaanguka sakafuni, akanyoosha mikono.