Vipande Viwili Vilivyozama

...lakini ile ndoana, mbona iko pale, anajiuliza Akelo, na mkono uliokuwa unaifuata chupa ya maji unasimama njiani, ile ndoana haiwezi kuwa pale ukutani, kubwa kuliko mlango wa ukumbi, imepakwa nyekundu na kijani na buluu kama kitenge cha Pasaka, na chini yake kwa herufi nyeupe, sampuli namba 41, na Daktari Hadiya kasimama kando na kile kijitaa chake chekundu, anasema Kiingereza kwa wageni, kisha anawageukia wa nyumbani kwa Kiswahili, "Zamani saratani tulikuwa tunaisaga yote kwa pamoja, tunajua ndani mna nini lakini hatujui nani anakaa wapi, sasa tunaiona kila seli na jirani yake," na watu wanatikisa vichwa, wote wameona ramani ya seli, hakuna aliyeona ndoana ila yeye, Akelo, fundi wa maabara kwa miaka kumi na tisa, maana kipande kile cha nyama kilijikunja kwenye ncha ya kibanio chake mwenyewe, kikapinda kama ndoana ya sangara, naye akacheka peke yake mle maabarani, akasema hiki kimenasa... na simu inatetemeka mapajani, Okomo, mdogo wake, meli ya Nansio imeshafika basi, saa tano na nusu hii, watakuwa wanashuka, kamshika mkewe kiuno, na Rozina kajifunga kanga mbili kifuani, moja ya kufunika kidonda na moja ya kufunika harufu, kama harufu inafunikwa, acha iite, nitampigia, bado kidogo tu nitampigia.

Labda arobaini na moja ni mwingine, namba ni namba, vipande vilisafiri ng'ambo bila jina, na majibu ya mradi wa utafiti hayarudi kwa mgonjwa, ndivyo fomu inavyosema, lakini daftari la majina liko kwenye droo yake na ufunguo anao yeye shingoni, anamdanganya nani, siku ile ya kipimo Rozina alikuwa na miaka arobaini na mmoja, naye akamtania, wifi, mradi umekupa umri wako, usije ukauficha tena, wakacheka wote wawili, shikamoo wifi, marahaba, karibu, nimekuwahisha usipange foleni, saini hapa, ni kauvimbe tu, kamekuwa kama punje ya kunde, wala usiogope, na Rozina akasaini pasipo kusoma, akaandika polepole jina lake lote na la baba yake, angesoma nini naye wifi yake ndiye anayeshika karatasi... "Tazameni hawa wa kijani," anasema Hadiya, "hawa ndio askari wa mwili, wamejipanga ukingoni, adui yuko jirani kabisa, wala hawaingii," na kijitaa kinazunguka juu ya ndoana, kinazunguka, kinazunguka, vilikuwa vipande sita, vyembamba kama tambi, akavimimina kwenye kisahani, vinne vikaelea, viwili vikazama, na kila mtoto wa ziwani amefundishwa kwamba kuzama ni balaa, lakini maabara ni kinyume, kinachoelea ni mafuta, kinachozama ndicho chenye kitu, hilo analijua kuliko anavyojua Baba Yetu, na utaratibu unasema vya kwanza ni vya majibu ya mgonjwa, ziada ndiyo ya mradi, lakini mradi ulikuwa umelalamika mwezi mzima, barua juu ya barua, mnatuletea mafuta, mnatuletea mafuta tena, na Hadiya, mtoto wa watu, kila barua anaisoma kwa uso uliosinyaa, na gari la kupeleka sampuli uwanja wa ndege linanguruma nje, basi kibanio kikaenda chenyewe, hapana, hakikwenda chenyewe, kibanio hakina mkono, mkono ulikuwa wake, ukavichukua viwili vilivyozama ukavitia kwenye kichupa cha mradi, vile vinne akavimimina, vikaelea kwenye kichupa cha Rozina, akafunga kifuniko, akabandika lebo, moyoni akasema vinne vinatosha, hakana kitu haka.

Mafuta matupu, yakasema majibu, hakuna dalili ya saratani, na ni yeye mwenyewe aliyepiga simu Nansio, akapiga kelele za furaha kama mtoto, wifi uko salama, na Rozina akalia, Jumapili yake wakapeleka kuku wawili na mtungi wa mafuta kanisani, sadaka ya shukrani, wakaimba, na punje ya kunde ikawa haragwe, haragwe likawa limau, na kila Rozina aliposema linakua, Okomo alimtolea ile karatasi kabatini, tazama, hospitali imesema huna kitu, kwani wewe unajua kuliko mashine... miezi kumi na minne. Miezi kumi na minne karatasi ilikaa ndani ya Biblia, na ngozi ilipopasuka Okomo hakuilaumu karatasi, karatasi ina muhuri, akatafuta mtu, na anayetafuta mtu hamkosi, akampata Bernadeta, jirani, shoga wa Rozina, waliyeanika naye dagaa kwenye chanja moja tangu wakiwa wasichana, kwa kuwa aliwahi kumsifia Rozina kifua, maneno ya kike tu ya kutaniana, ikawa ushahidi, "Dada, kikulacho ki nguoni mwako," Okomo alimwambia kwenye simu, "hospitali haikuona kitu kwa sababu si ugonjwa wa hospitali, huu umetumwa," na wakamfukuza Bernadeta ufukweni, wakaivunja chanja yake, siku hizi haendi hata kisimani peke yake, na Akelo aliyasikia hayo yote, akashusha pumzi, akajibu nini, akajibu Mungu ndiye anajua. Mara tatu aliulizwa, dada, wewe ni mtu wa vipimo, mwaka jana hakukuwa na kitu, sasa hiki kimetoka wapi, na mara zote tatu akamsukumia Mungu, na alikuwa anajua, hapana, hakuwa anajua, alikuwa na shaka, shaka aliyokuwa anaiona kwa mbali akabadili njia, na leo hata njia ya kubadili hakuna, imeandikwa ukutani.

"Na kinachouma," anasema Hadiya, sauti imeshuka, "ni kwamba hapa ugonjwa ulikuwa bado mchanga sana, wa kutibika kabisa. Mgonjwa huyu hatumjui. Popote alipo, tunamshukuru," popote alipo, yuko bandarini, daktari, yuko dakika kumi kutoka hapa, kakaa juu ya begi anahema, ungefungua dirisha ungemwona, na mwanangu usinishukuru, usinigeukie, lakini Hadiya anageuka, anatabasamu lile tabasamu lake la kweli, "Na sampuli safi hivi hazijileti. Wenzetu wa ng'ambo wanasema hawajawahi kupata nzuri kama hii. Dada Akelo yuko wapi? Dada, simama tukuone, tumpigie makofi," na makofi yanaanzia mbele, yanakuja, yanaruka kiti kwa kiti, vichwa vinageuka, na Akelo atasimama vipi, asimame kama nani, na simu inatetemeka tena, Okomo, na lile jibu lake la siku zote, Mungu ndiye anajua, analitafuta halipo, kama jino lililong'oka, kinachokuja mahali pake kinakuja kwa Kijaluo, lugha ya nyumbani, ambako maneno ni machache na hayana pa kujificha, Bernadeta hana kosa, mdogo wangu, vile viwili vilivyozama nilivitoa mimi, anayarudia, nilivitoa mimi, kama mtu anayejifunza jina lake, Okomo atapiga ukelele, hatamwita tena dada, na huenda Rozina asifike hata Krismasi, na maneno hayo hayataponya hata upana wa ukucha wa kile kidonda, lakini Bernadeta ataanika dagaa, hilo moja, hilo tu, na makofi yangalipo, ndoana ingalipo ukutani, chupa ya maji haijafunguliwa, na Akelo bado ameketi, anaiweka simu sikioni katikati ya watu mia mbili.

"Dada, tumefika," anasema Okomo, na nyuma yake honi ya meli, na wapagazi wakigombania mizigo. "Tunakungoja wewe tu. Rozina hapa anasema shikamoo wifi."

Na Akelo, ambaye neno marahaba halijawahi kumshinda maishani mwake, anafungua kinywa, analiruka, anaanza kwa Kijaluo, Bernadeta hana kosa, mdogo wangu.