Siku Radi Alipokataa Kuvunja

Gitaa la kwanza Radi hakulivunja kwa kupenda. Wakati huo hakuwa hata Radi. Alikuwa mchanganya rangi katika duka la rangi za nyumba, kijana mwembamba mwenye haya, ambaye mteja akimuuliza jambo alijibu akiliangalia kopo. Jumapili mchana alipiga gitaa na wenzake watatu katika ukumbi wa shule, muziki wa roki, na waliokuja kusikiliza wengi wao walikuwa ndugu na majirani waliobembelezwa. Siku hiyo mkanda wa gitaa ulikatika katikati ya wimbo wa mwisho. Gitaa likaenda chini kwa kichwa, shingo ikavunjika. Yeye kwa kiwewe akarudi nyuma, akajikwaa juu yake, akaanguka, akainuka na kipande mkononi huku spika zikipiga ukelele wa mbuzi aliyekanyagwa. Ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi.

Fundi alikuwapo, mstari wa pili, amekaa na mkewe, ambaye ni dada mkubwa wa kijana huyo. Fundi ni seremala. Vitanda, makabati na milango ndiyo kazi yake, na alichokiona yeye pale jukwaani kilikuwa gundi mbovu. Akamnong'oneza mkewe kwamba kile kiungo hakikushika vizuri tangu kilipotoka kiwandani. Mkewe akamwambia anyamaze, mdogo wake anapigiwa makofi.

Mwezi uliofuata watu walijaa hadi madirishani. Wimbo wa mwisho ulipofika wakaanza kuita: vunja, vunja. Akavunja. Lilikuwa gitaa la kuazima, na mwenyewe alikaa mwaka mzima bila kumsalimia. Gazeti likamwita Radi, jina likamkaa kama koti la kushonewa, na tangu hapo hapakuwa na namna ya kushuka jukwaani bila kuacha vipande.

Ndipo shemeji mtu alipoitwa kusaidia. Kwanza fundi alitengeneza gitaa la kweli. Alichukua mlango wa kabati la marehemu bibi yao, mbao ngumu iliyokauka miaka hamsini, akaikata, akaipiga randa, akaipiga msasa hadi ikawa laini kama shavu la mtoto. Kazi hiyo ilimchukua mwaka na miezi, kwa sababu vitanda vya watu navyo vilikuwa vikisubiri. Gitaa lilipokwisha walilipaka rangi nyekundu, Radi akaliita Bikizee, na sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, sauti ya mtu ambaye hana haja ya kupayuka ili asikilizwe.

Kisha akatengeneza ya kuvunja. Hayo waliyaita mabua. Yalikuwa ya mbao nyepesi, ndani yamechimbwa, shingo imetiwa msumeno hadi nusu na kuzibwa kwa gundi kidogo na rangi nyekundu ile ile. Ukilipiga bua chini mara moja linapasuka vipande vitatu vizuri, bila kumjeruhi mtu. Nyimbo zote, hadi ule wa mwisho, Radi alizipiga kwa Bikizee. Halafu moshi ulifukizwa jukwaani, yeye akapita nyuma ya spika kubwa ambako fundi amechuchumaa na bua, na ndani ya sekunde nne wakabadilishana. Radi alitokea kwenye moshi, akapiga mkwaruzo mmoja, akainua, akavunja. Kwa miaka tisa fundi alipokea kwa mkono wa kushoto na kutoa kwa mkono wa kulia. Mbali na wao wawili, waliojua walikuwa dada mtu na meneja.

Watu wengi wamesema mengi juu ya maringo ya Radi, na mengine ni kweli. Miwani myeusi alianza kuivaa kwa sababu taa zilimuumiza macho. Watu wakasema anajificha, basi akajificha kweli. Waandishi wa habari hakuwajibu kwa kukosa maneno. Wakaandika kwamba anawadharau, na baada ya muda akajifunza kuwadharau kidogo. Alianza kutembea polepole, mabega nyuma, kama mtu anayepishana na wasiokuwapo. Kuna siku alifika kwa dada yake akasema Radi hasubiri chai. Dada mtu hakuinua hata kichwa kwenye sufuria. Akamwambia, "Sawa, Radi aende. Mdogo wangu akija nitampashia." Alikaa. Akanywa vikombe viwili, akaosha vyombo.

Huyo aliyeosha vyombo ndiye fundi alimjua zaidi. Kila asubuhi, awe amelala saa ngapi, alikaa karakanani juu ya kigoda akipiga vipande vile vile vya nyimbo vile vile, taratibu, mara hamsini, kama anayejifunza leo. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kuliko za seremala. Na mbele ya watu, fundi alimwona akifanya jambo ambalo hakupata kulielewa: uwanja una maelfu, naye anapiga noti moja, anaiacha ining'inie, na kila mtu anaondoka akiapa kwamba Radi alikuwa akimtazama yeye. Kwa miwani myeusi.

Basi ikaja siku ya uwanja mkubwa. Yalikuwa maonyesho ya mchana, jua bado lipo, watu elfu thelathini, na televisheni inarusha moja kwa moja. Watu wa televisheni walitaka kuweka kamera yao mahali pale pale ambapo fundi huchuchumaa. Ikabidi ahamie nyuma ya spika ya upande wa pili, ambako Radi angemjia kutoka kulia badala ya kushoto. Walifanya mazoezi saa sita mchana mara mbili, mambo yakaenda sawa: pokea kwa kulia, toa kwa kushoto. Radi akamtania kwamba uzee unamfundisha kucheza dansi.

Wimbo wa mwisho ukafika. Moshi ukapanda. Fundi alikuwa ameshika bua kwa mkono wa kushoto, tayari. Radi akaja, fundi akampokea Bikizee kwa mkono wa kulia, vizuri kabisa. Hapo ndipo mkono wa kushoto ulipaswa kutoa. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umetoa kwa miaka tisa, na haukujua kazi nyingine. Ukatoa. Radi, ambaye macho yake yalikwisha kurudi kwa watu, akachukua alichopewa, akatoka.

Fundi akashusha macho, akaliona bua bado liko kwake.

Alipiga kelele jina la shemeji yake, lile la nyumbani, lakini kwa kelele za spika zile hata yeye hakujisikia. Alifikiria kutoka mbio. Angetoka na gitaa jekundu la pili mkononi, mbele ya kamera, na miaka tisa ya watu kuamini ingeishia hapo. Akainua goti moja. Hapo alipokuwa, goti moja chini kama anayeomba radhi, aliona shemeji yake akimwinua Bikizee: kiunoni, kifuani, juu ya kichwa.

Uwanja ulikuwa unaita vunja, vunja, kwa sauti moja.

Mikono ya Radi ilibaki juu. Watu wakadhani anawachezea, wakazidisha. Fundi aliona viwiko vikitetemeka. Alihesabu pumzi zake mwenyewe: tano, sita, saba. Kisha mikono ikashuka, si kwa kishindo, ikashuka kama mtu anayemteremsha mtoto aliyelala begani. Radi akachomoa waya, akamkumbatia Bikizee kifuani, akaanza kutoka jukwaani.

Kwanza watu wakatazamana. Halafu wakazomea. Chupa za maji zikaanza kuruka, na fundi aliona jambo ambalo alilisimulia nyumbani mara nyingi baadaye: chupa moja ilikuwa inakuja kifuani, Radi akageuka, ikampiga mgongoni. Hakuharakisha.

Katika chumba cha kubadilishia nguo meneja alikuwa amekwisha kuwa mwekundu kuliko Bikizee. Alitaka kujua nani kaharibu. Alimtazama fundi, fundi akafungua mdomo.

"Hakuna nani," Radi akasema. "Nimeamua mwenyewe."

Meneja akamwambia watu wamekuja kuona gitaa likivunjika.

"Wameona mtu akikataa kuvunja. Hilo hawajaliona popote."

Akakaa, akaomba maji, akavua miwani. Maneno yakaishia hapo.

Kesho yake magazeti yalimchinja. Moja liliandika kwamba radi imepita bila mvua. Jingine lilisema umri umemfikia, likamchora ameshika mkongojo, naye alikuwa na miaka thelathini na minane. Wengine wakasema maringo yamempanda kichwani hadi anawanyima watu walichokuja kukiona.

Asubuhi hiyo fundi alifika karakanani mapema, si kufanya kazi. Alikuwa amevaa shati la kutokea. Alikusudia kwenda kwenye ofisi ya gazeti kueleza kila kitu: mabua, moshi, mkono wa kulia. Mkewe alikuwa amemshauri amsubiri kwanza mdogo wake, naye akakubali kwa shingo upande. Radi alipoingia alikuwa hana miwani, na uso wake ulikuwa wa yule kijana wa duka la rangi. Akaliona shati.

"Shemeji, unakwenda kuoa?"

Fundi hakucheka. Akamwambia anakokwenda. Akasema hawezi kukaa kimya watu wakimtukana mtu kwa kosa la mkono wake yeye, na kwamba fundi asiyekiri kosa ni mwizi wa kazi ya kesho.

Radi akavuta kigoda, akakaa, akamweka Bikizee mapajani. Kwa muda alikuwa anakaza uzi ambao haukulegea.

"Unafikiri niliujua uzito lini?" akauliza.

Fundi akasema pale juu, bila shaka, mikono ilipoanza kutetemeka.

"Hapana. Niliujua ulipofika kifuani. Gitaa hili nimelibeba miaka tisa, shemeji, ningekosaje kulijua? Nikasema moyoni, huyu ni Bikizee. Halafu nikaendelea kuinua."

Fundi akavua kofia.

"Walikuwa wanaita," Radi akasema. "Si kwamba nilitaka. Mikono haikuwa yangu. Ilikuwa yao, elfu thelathini, inapanda tu. Nilikuwa kule juu najiambia kabati la bibi ni mbao, mbao ipo, shemeji atatengeneza lingine. Hayo maneno niliyasema, mimi. Sasa wewe ulikosea mkono. Mimi nilikuwa nakwenda kukosea nini? Nani kati yetu aende gazetini?"

Fundi alivuta kigoda cha pili, akakaa mbele yake. Aliuliza kilichomshusha.

Radi alifikiri. Alisema hajui vizuri. Alisema mikono iliuma, na katika kuuma ikawa yake tena, basi akaitumia kabla hawajaichukua. Kisha akamwambia fundi avue hilo shati asije akalichafua, kwa sababu kiungo cha shingo kimelia tangu jana, na anataka kisikilizwe.

Hakuvunja tena. Hilo si jambo dogo, ingawa sasa watu wanalisimulia kama lilikuwa rahisi. Katika maonyesho matatu yaliyofuata walimwita vunja hadi sauti zikawakauka. Yeye alisimama akingoja, bila miwani, wakichoka anapiga wimbo mwingine. Viti vilibaki vitupu kwa karibu miaka miwili. Meneja aliondoka. Waliobaki walikuwa wale waliokuja kusikiliza, na kwao alipiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga, kwa sababu hakuwa na mwisho wa kuukimbilia. Polepole viti vikajaa. Ikafika hatua wapiga gitaa wengine wakaanza kumwiga, wanamaliza onyesho kwa kulaza gitaa chini kwa upole mwingi. Mmoja alililaza kwa madaha kiasi kwamba likateleza ukingoni mwa jukwaa likavunjika, na fundi na shemeji yake walicheka habari hiyo wiki nzima. Mabua kumi na manne yaliyobaki fundi aliyafanya rafu za viatu.

Radi alikufa akiwa na miaka arobaini na tisa, kwa maradhi ya mapafu, katika chumba cha mbele cha dada yake. Siku za mwisho vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya shuka, vipande vile vile, taratibu.

Wiki tatu baada ya maziko mwandishi wa gazeti alikuja karakanani. Alikuwa binti mwenye adabu, aliyekuwa mtoto wakati wa uwanja ule. Alitaka kuandika kwamba Radi alipanga siku nyingi kukataa, kwamba alikuwa na falsafa. Fundi akamkatiza. Akamwambia aandike kwamba fundi alikosea mkono. Akamweleza yote, mabua, moshi, sekunde nne, akamwonyesha hata jinsi ya kuchuchumaa, na magoti yakamlilia. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika. Naye kisa chote alikwisha kukisikia, kwa mume na kwa ndugu.

Yule binti aliandika kurasa nne. Alionekana amevunjika moyo kidogo.

"Kwa hiyo hakuamua mwenyewe," akasema.

"Aliamua. Gitaa lilikuwa juu na watu elfu thelathini wanalivuta chini. Wewe ungeweza?"

Binti akakiri hajui. Akauliza jambo moja la mwisho, kalamu tayari: Radi aliutambua uzito wakati gani?

Fundi akachukua kipande cha msasa, akaanza kulainisha ukingo wa meza ambao ulikuwa laini tayari.

"Pale juu," akasema. "Alipoutambua tu, akashusha."

Mkewe akaingia, akaweka birika mezani, akammiminia mgeni chai.