Nguo Moja Isiyofuliwa

Nilipokuwa na mimba ya kijana wangu, maandalizi yangu yote yalienea kwenye beseni moja. Kwa ajili ya paka, paka jamani, daktari wa mifugo alinijazia karatasi mbele na nyuma.

"Mama, ukimpeleka nyumbani kwanza halafu ndiyo uanze kuhangaika na vitu, atatishika," akaniambia. "Andaa kila kitu. Baada ya wiki moja njoo umchukue."

Wazo la paka halikuwa langu. Lilikuwa la kijana wangu, anayeishi mji mwingine na mke wake na watoto. Kosa langu mimi ni mdomo. Siku moja tukiongea kwenye simu liliniponyoka neno kwamba kiti cha baba yake kinalia. Kila siku, saa kumi na moja jioni, saa ile ile aliyokuwa akirudi mzee wangu kutoka kwenye kibanda chake cha kushonea viatu, mlango hausogei, hakuna anayeingia, lakini kile kiti cha mbao cha sebuleni kinatoa mlio, kama mtu mzito aliyechoka anakaa. Na mzee wangu wakati huo alishatimiza miezi minane kaburini.

Kijana akasema, "Mama, hamia kwetu."

"Thubutu! Na wateja wangu?"

Mimi ni dobi. Nina pasi mbili, kamba sita uani, na wateja ambao nikiugua siku mbili tu mji mzima unawaona wamekunjamana. Nyumba ile ndiyo kazi yangu, na kazi ndiyo inayoniamsha. Kwa mwanangu nitakuwa bibi wa kukaa kwenye kochi na kuulizwa kama nimekunywa dawa. Tukavutana wee, mwisho tukaafikiana. Nitafute paka, maana nyumba yenye paka, alisema, kila mlio una mwenyewe. Lakini ikifika mwisho wa mwezi bado nina habari za kiti, atakuja na gari anibebe, mimi na pasi zangu. Nilikubali, na mimi nikishakubali nimekubali.

Basi nikaandaa huku nikisonya. Sanduku la mchanga nililipata kwa kukata dumu kubwa ubavuni; daktari alisema likae mbali na chakula, "kwani wewe mama ungependa kula chooni?" Mabakuli mawili, moja la maji, moja la chakula, yasiwe ya plastiki, nikatafuta ya bati. Kikapu chenye mfuniko cha kumbebea. Chakula kile kile alichokizoea kwa daktari. Kasha la sabuni nililitoboa mlango, awe na mahali pa kujificha akiona haya. Na kigogo cha kunolea makucha nilikitengeneza mwenyewe, nikakizungushia kamba ya katani iliyokatika uani, nikaivuta kwa hasira mpaka kiganja kikachubuka.

Kilichonishinda ni cha mwisho kwenye karatasi. Daktari alitaka nguo niliyoivaa, isiyofuliwa, paka alale nayo wiki nzima. Akifika kwangu awe ananijua tayari.

Nguo isiyofuliwa, nyumbani kwa dobi! Nilipekua kila kona. Mimi nguo nikiivua jioni, asubuhi iko kambani. Shuka, taulo, mpaka kitambaa cha kushikia sufuria, vyote vinanuka sabuni na pasi ya moto. Nikaamua kuvaa gauni moja siku mbili mfululizo. Nilipolinusa lilinuka sabuni, kwa sababu mwenyewe ndivyo ninavyonuka. Nikabaki nimekaa kitandani na gauni mapajani, nimeishiwa maarifa.

Ilikuwepo moja tu. Shati la kazi la mzee wangu, la buluu, alilolivua mchana ule wa mwisho aliposema kichwa kinamuuma ngoja ajinyooshe. Baada ya msiba nilifua nguo zake zote, nikagawa. Hilo sikuweza. Nililitia kwenye mfuko wa nailoni, nikapiga mafundo mawili, nikaliweka chini ya mto wangu. Nikizidiwa nafungua kidogo, navuta pumzi moja tu. Gundi, ngozi ya viatu, jasho lake. Kisha nafunga haraka haraka, isije ikaisha.

Nikajiambia, si nalilalia kila siku? Si ni langu pia? Nikakata mkono mmoja kwa mkasi, nikampelekea daktari. Sikumwambia ni wa nani. Niliona haya.

Siku ya saba nikamleta paka. Jike, mweusi, koo jeupe, amejikunja kikapuni juu ya ule mkono wa shati. Nikafungua mfuniko nikasema, "Karibu, bibi." Akatoka, akanipita kama anapita fagio lililoegemezwa ukutani. Akazinusa kandambili za mzee wangu, ambazo bado zilikuwa nyuma ya mlango. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti, akakaa mbele yake, akainua uso. Hakuangalia mahali pa kukalia. Aliangalia juu zaidi, pale ambapo mtu akikaa uso wake unafika.

Nikarudi nyuma hatua moja.

Ilipokaribia saa kumi na moja nilikuwa napiga pasi. Paka akainuka, akaenda mlangoni, mkia juu. Akapinda mgongo akajisugua, huku na huku, na hapakuwa na kitu cha kujisugulia. Kisha akageuza shingo, taratibu, akimfuata kwa macho mtu anayevuka sebule. Kiti kikalia. Paka akajilaza chini yake, akaanza kunguruma kwa raha zake. Mimi nimeganda na pasi mkononi, nikashtushwa na harufu ya shati la mwalimu mkuu linaungua.

Kuogopa niliogopa, sitadanganya. Lakini wivu ulinipanda zaidi. Huyu mtu alipokuwa hai watoto wote walimkimbilia yeye. Majirani walicheka naye yeye. Mimi nilikuwa yule mkali, wa kufua na kufoka. Nikaweka pasi chini, nikashika kiuno.

"Hata paka?" nikakiambia kile kiti. "Kigogo nitengeneze mimi, nichubuke mimi, halafu huyu mke mwenza aje kukaa miguuni pako?"

Paka akanitupia jicho, kama nimekatiza mazungumzo ya watu.

Siku ya kwanza hakula. Ya pili hakula. Alikuwa analamba maji kidogo na kurudi kwenye kiti kusubiri jioni. Siku ya tatu mbavu zilianza kuonekana, nikampigia simu daktari.

"Mama," akauliza, "ile nguo ni yako kweli?"

Nikamwambia yote. Akasema, "Pole sana. Basi anamngoja mwenye harufu, na hatakula mpaka amwone. Iondoe harufu hiyo nyumba nzima. Kama huwezi, nirudishie kesho, asije akakufia mikononi."

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi. Ningemrudisha, nisingekuwa na paka, na kiti kingelia, na mwanangu angewasha gari. Kumdanganya siwezi, sauti yangu anaijua. Na nikawaza, huenda harufu hiyo hiyo ndiyo inayomrudisha mzee wangu kila jioni.

Asubuhi nikatoa beseni uani. Nimefua nguo za watu miaka ishirini na sita, za harusi, za wagonjwa, za vichanga, na maji sijawahi kuyaogopa. Siku hiyo niliyaogopa. Nikafungua mafundo mawili. Nikazamisha uso kwenye lile shati la mkono mmoja, nikavuta mpaka kifua kikauma.

"Baba watoto, nisamehe," nikasema. "Siwezi kwenda kuzeekea kwenye kochi la mtu. Na huyu mnyama atakufa njaa akikungoja. Nakujua, wewe mwenyewe usingelipenda hilo."

Nikalitumbukiza. Nikasugua kola, nikasugua kwapa, maji yakawa ya kijivu, na mimi nalia kwa sauti mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Nikamwambia sabuni imeniingia machoni. Nikafua mkono wa shati. Nikafua kandambili. Nikakisugua kiti kwa brashi, miguu yote minne, na sakafu chini yake.

Saa kumi na moja nilikuwa nimekaa nasubiri. Paka alikuwa ndani ya kasha lake. Akasimamisha masikio, akauangalia mlango kidogo, akayalaza. Kiti hakikulia. Nikangoja robo saa nzima, nusu saa, hakikulia. Miezi minane nilikuwa nikiwaambia watu nimebaki peke yangu. Kumbe sikuwa. Nilibaki peke yangu jioni ile.

Simu ikaita.

"Mama, vipi? Kiti bado kinalia?"

"Hakilii."

"Umeona? Si nilikwambia dawa ni paka?"

"Ulisema, mwanangu."

"Basi furahi, mama."

"Nimefurahi," nikasema, nikakata simu kabla sauti haijanisaliti.

Nikaenda kukaa kwenye kiti chenyewe. Kilikuwa bado na unyevu. Nyuma yangu nikasikia bakuli la bati likigongagonga sakafuni, mtu anakula kwa pupa. Alipomaliza akaja, akanirukia mapajani, kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwepesi, na wa moto. Nikainama, sijui nilitaka nini, nikaweka pua nyuma ya shingo yake, pale alipolalia ule mkono wa shati siku zote zile.

Gundi. Ngozi ya viatu. Jasho, kwa mbali.

"Ah, mzee wangu," nikasema. "Kumbe umejibanza huku."

Nikabaki hivyo hivyo, pua manyoyani. Paka akajiweka sawa, shibe imemkolea, akatoa ulimi akaanza kujisafisha. Kifua kwanza, halafu ubavu, kwa mpango, bila kuruka mahali, udobi mtupu. Kisha akalowesha mguu wa mbele kwa ulimi, akaupitisha nyuma ya sikio, kuelekea shingoni. Nikaudaka ule mguu.

"Taratibu, dada," nikamwambia. "Hapo niachie kidogo."

Akanitazama. Akauvuta mguu wake polepole kutoka mkononi mwangu, akaendelea na kazi.