Ndege Anayechechemea

Jina la Mama Chechemea hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, nalo lilimkera kweli kweli. Kisa ni yule ndege ambaye mama huyu alizoea kumdarizi pembeni mwa kila shuka na foronya. Programu ya kompyuta inayoendesha mashine yake ilikuwa kuukuu, na kila ikifika mguu wa kushoto ilikatisha mishono kabla ya kumaliza. Ndege akawa anatoka na mguu mmoja mfupi. Miaka nenda rudi, mama wa watu aliamini kwamba wanaomwita hivyo wanamcheka.

Basi mkwe wake, mke wa mwanawe, anayefanya naye kazi chumbani humo, alipomwambia kuna toleo jipya la programu ile, masikio yakamsimama.

"Linafungua picha ambazo wateja wanatutumia kwa simu, Mama. Hili letu linazikataa zote."

"Na mguu?"

"Mguu gani?"

"Wa ndege, mwanangu! Litaumaliza?"

Mkwe akacheka. "Litaumaliza. Na tunaruhusiwa kujaribu bure kwanza. Muda ukiisha, tulipie au tuliache."

Wakaliweka. Lo! Ndege akatoka amesimama wima, miguu yote miwili sawasawa, utadhani anakwenda kupigwa picha. Mama Chechemea alimbusu. Mashuka ya kwanza yalikuwa ya bibi harusi mmoja, akayakunja mwenyewe huku anaimba. Sasa tuone nani atathubutu kumwita jina lile!

Siku ya mwisho ya kujaribu, shangazi wa bibi harusi akaingia bila hodi, mzigo kwapani. Akaubwaga mezani.

"Dada, sikutegemea haya kutoka kwako. Umeniuzia feki!"

"Feki? Nimeyadarizi kwa mashine hii hii!"

"Usinifanye mtoto. Ndege gani huyu ana miguu mizima? Mashuka ya harusi yangu ulinidarizia wewe. Ya dada zangu wote, wewe. Huko madukani wanatuonyesha mashuka wanasema ni yako, sisi tunaangalia mguu kwanza. Ukiwa mzima, hatununui. Na huyu bibi harusi wangu analia tangu asubuhi, anataka ndege kama wa mama yake, yule anayechechemea!"

Mama Chechemea akamsogelea.

"Kwani mnaponiita vile, hamnicheki?"

"Tukucheke kwa lipi?" Shangazi akashika kiuno. "Wadarizi wamejaa mtaa mzima. Mtu akitaka kitu cha maana tunamwambia nenda kwa Mama Chechemea, na anafika. Ulitaka tukuiteje?"

Mama Chechemea machozi yakamtoka, ya furaha na ya kujionea aibu kidogo. Akayafuta kwa foronya mojawapo ya mzigo ule wa feki. Miaka yote hiyo alikuwa akinuna bure!

Kwenye kompyuta maandishi yalikuwa yanangoja jibu: lipia au acha. Mkwe akamtazama.

"Turudi kwenye la zamani, Mama?"

"Turudi tukazikatae picha za watu? Wewe lipia."

"Na ndege je?"

"Ndege mvunje mguu."

"Upi?"

"Wa kushoto!" wakajibu kwa pamoja, yeye na shangazi.