Mafundo ya Magige

Daktari Jerusha Moraa alikuwa akitafiti dawa ya kifafa huko Muhuru Bay, na fomu zake zilimchosha roho. Zilirudi zimelowa maji ya ziwa, nyingine zimefungiwa omena, dagaa wa huko. Ndipo akapata akili: kila mgonjwa apewe uzi wa nyavu, na mtu wa nyumbani amfungie fundo kila anapoanguka, maana mwenyewe mara nyingi hata hajui ameanguka.

Alipofika kwa Magige hakumaliza maelezo. "Wewe ni fundi wa nyavu," alimwambia. "Mambo ya fundo nikueleze nini?" Basi akaenda zake. Wasomi nao!

Mgonjwa wa Magige alikuwa mkewe, Robi, aliyekuwa akikaanga samaki ufuoni mpaka siku alipoangukia jiko akaungua mkono. Tangu hapo karai lake lilikaa chini ya kitanda, naye alikuwa akilitazama kila akifagia. Jerusha alimwahidi kwamba akipitisha wiki kumi mfululizo bila kuanguka, karai litatoka.

Wiki kumi na mbili zilipotimia, Magige aliingia zahanati peke yake, akauweka uzi mezani. Ulikuwa umejaa mafundo kutoka mwanzo hadi mwisho. Jerusha aliyahesabu mara mbili, akapata themanini na tatu, akavunjika moyo. Katika wagonjwa wake wote, huyu ndiye aliyemwombea sana.

"Pole sana, mzee wangu," akasema. "Dawa hii haijamfaa. Tutambadilishia."

"Umbadilishie kwa nini?"

"Ameanguka mara themanini na tatu."

Magige alimtazama kwanza kwa huruma, kisha akacheka hadi akashika meza.

"Daktari, nyavu ikitoboka, mimi nafunga fundo. Fundo ni mahali pazima. Nani anafunga fundo kuonyesha tobo?" Akauvuta uzi, akamwonyesha karibu na mwanzo sehemu moja tupu, pana kama kidole. "Hapa ndipo alianguka. Jumanne ya wiki ya kwanza. Siku nyingine zote mke wangu amelala mzima, na mimi nimefunga."

Jerusha alishika ile sehemu tupu. Aibu ilimshika, na furaha ikaishinda aibu. Miaka yote amewauliza watu wameanguka mara ngapi. Hakuwahi kumuuliza hata mmoja amekuwa mzima siku ngapi.

"Na Robi yuko wapi?"

"Anasugua karai. Nilimwambia angoje neno lako, akasema atangoja huku anasugua."

Wakaenda ufuoni pamoja. Jerusha alitoa masharti yake: jiko liinuliwe na kuzungushiwa matofali, dawa isikose hata siku moja, na Robi asikaange bila mtu kando. Magige akavuta kigoda chake na nyavu yake, akakaa pale pale, kazi ya ulinzi ikawa imepata mtu.

Samaki wa kwanza alikuwa wa daktari. Alikula kwa mikono miwili, akajifuta, kisha akaukunja ule uzi autie kwenye faili lake.

Robi akanyoosha ule mkono wenye kovu.

"Daktari, hesabu yako andika kwa karatasi," akasema. "Uzi rudisha. Fundo la leo huyu hajafunga."