Mitaro Minane

Viwavijeshi waliingia kwenye mahindi yangu wiki ya kwanza ya Novemba, na mvua ilikuwa imeshakata. Ilinyesha siku tano mwishoni mwa Oktoba, mahindi yakaota yote, kisha jua likawaka kama la Februari.

Mbegu ilikuwa ya mama yangu. Alikufa miaka sita iliyopita, lakini kila msimu tunachagua mahindi yaliyojaa vizuri, tunayaning'iniza juu ya moshi jikoni, na Oktoba tunapanda udongo ukiwa bado mkavu. Mwaka huu nilipanda yote. Redio ilisema mvua itakuwa nyingi, nikaamini.

Mke wangu, Mbula, ndiye aliyewaona kwanza. Aliniletea mche aliong'oa. Majani yalikuwa na matundu, na moyo wake, pale majani machanga yanapochipukia, umejaa kinyesi cha wadudu kama unga wa mbao unaorundikana nje kwa wachongaji wa Wamunyu.

"Baba Linet, Jumamosi mwethya ni zamu yetu," alisema. "Waje watuokotee hawa wadudu."

Mwethya ni kikundi chetu cha kusaidiana kulima. Tuko watu kumi na wanne, na kila boma hupata siku moja tu kwa msimu. Siku yangu nilikuwa nimeipangia mitaro ya fanya juu, ya kushika maji kwenye mteremko.

"Wadudu ni kazi ya mvua," nikamwambia. "Mwaka juzi maji yalijaa kwenye mioyo ya mahindi yakawazamisha wote. Umesahau?"

"Sasa hiyo mvua iko wapi?"

"Inakuja. Na ikikuta hakuna mitaro, itabeba samadi yangu yote mpaka mtoni."

Aliuchukua mche wake akarudi shambani. Hakuwa amekubali.

Jumamosi walikuja na majembe. Kalunde, mjane tunayepakana naye, alichungulia mhindi mmoja, akautazama mwingine, kisha akaegemea jembe lake.

"Muema, umemtandikia mgeni kitanda, na hawa wanamalizia chakula chake!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

"Kalunde, ulikuja kulima au kuhubiri?"

"Nachimba, baba. Lakini Jumatatu kwangu ni kuokota. Atakayekuja na jembe nitamrudisha kwake."

Jumatatu nilienda, kwa sababu mwethya haukwepwi. Tulianza alfajiri, wadudu wakiwa bado juu ya majani. Kila mtu alikuwa na kopo lenye maji na sabuni. Baada ya kuokota tulitia majivu kidogo kwenye kila moyo. Niliokota wadudu wa Kalunde mpaka saa nne, halafu nikarudi kwangu kuangalia mawingu.

Mbula alikuwa akiokota peke yake, mistari minne kwa siku. Kwenye joto lile mayai yalikuwa yakianguliwa siku ya pili au ya tatu. Akimaliza upande wa chini wa shamba, wa juu ulikuwa umejaa tena. Siku ya kumi nilishika kopo na mimi. Siku hiyo hiyo nilipasua mihindi mitano, nikakuta minne haina moyo.

Mvua ilirudi siku kumi na tisa baada ya kuchimba mitaro. Ilipiga mchana kutwa. Mitaro ilijaa mmoja baada ya mwingine na hakuna hata mmoja uliobomoka. Sikupoteza samadi wala udongo. Wadudu nao walizama, kama nilivyosema. Mbula alisimama kando yangu akiwa amejifunika gunia.

"Mitaro ni mizuri," alisema, akaingia jikoni.

Afadhali angenitukana.

Nilivuna mwishoni mwa Februari. Hesabu ni hii. Mitaro minane, iliyokula siku yetu moja ya watu kumi na wanne. Mbegu gorogoro tano, makopo ya kilo mbili mbili, zote ardhini. Kwa kawaida shamba hili hunipa magunia manane. Lilinipa moja na nusu. Kalunde, ambaye shamba lake ni dogo kuliko langu, alipata sita.

Mahindi ya kufaa mbegu tuliyatafuta mimi na Mbula. Tulipekua rundo lote mara mbili, hindi moja moja. Tulipata kumi na moja. Yananing'inia juu ya moshi sasa.

Mama aliniachia mia moja.